Mrejesho: miche ya klabu yetu, Mto Karanga

Wakuu, niliuliza hapa klabu yetu ya kujitolea ipande miti gani kando ya Mto Karanga, Moshi. Asanteni sana. Mikaratusi tuliiacha, tukapanda mikuyu na miringaringa masika yaliposhika. Mikuyu imekubali. Miringaringa mingi imeliwa na mbuzi. Uzio wa matete waliupenya kama haupo. Aliyeshauri tuzungushie miche matawi ya miiba alikuwa sahihi, iliyozungushiwa sasa inachipua majani mapya. Zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004, yaani eneo la kando ya mto lisiloruhusiwa shughuli za kudumu wala za kuharibu ukingo, tulimweleza mwenye mahindi pale ukingoni, akakubali kurudi nyuma, shingo upande.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazoa plastiki hapo hapo, kisha tunajazia miche iliyokufa. Mwenye panga aje nalo, chai ipo.