Somanga: turudishe makaravati au tujenge daraja refu?

Matandu_Juu: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar–Lindi ilikatika Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa. Aprili 2025 Somanga ikakatika tena. Mimi nasema daraja refu. Karavati lenye midomo midogo huziba kwa magogo, maji yakapanda juu ya tuta, yakamwagikia upande wa pili na kuanza kula udongo kutoka chini. Zege linabaki zima, barabara hakuna. Daraja refu la Mkapa pale Rufiji lipo tangu 2003.

Nondo16: Usilaumu karavati, laumu aliyelikalisha juu ya mchanga mtupu. Upande maji yanakomwagikia baada ya kupita karavati, shusha ukuta wa zege mita 1.5 au zaidi chini ya sakafu, halafu gabioni, yaani vikapu vya waya vya kujaza mawe. Mawe ya sentimita 15 hadi 25, maana tundu la waya ni kama sentimita 8 kwa 10. Ukijaza kokoto zitatoka zote. Chini tandika kitambaa cha kuchujia, la sivyo mchanga unanyonywa na vikapu vinazama.

ChumaKwanza: Na zege likisubiri siku 28, Kilwa wapite wapi? Leteni Bailey, daraja la chuma la kuunga kwa paneli na pini. Paneli moja ni mita 3 na kitu, kilo 260 hivi, watu sita wanaibeba bila kreni. Unaliunga ng'ambo moja, unalisukuma juu ya rola, mbele likitanguliwa na fremu nyepesi, nyuma limewekewa uzito lisipinduke.

Nondo16: Pini zitafunguliwa ndani ya mwezi mmoja ziishie kwenye chuma chakavu.

Mchinga: Hapo umetutukana. Pini inafungwa kibano chake, na inalegea kwa mtikisiko wa malori pasipo ukaguzi, siyo kwa mikono ya wanakijiji. Futa kauli.

Nondo16: Sijataja kijiji. Vibao vya barabarani vinang'olewa nchi nzima.

Mchinga: Mada ni Somanga, umemtaja nani basi?

Dereva_Kusini: Jamani, wabaya ni malori ya makaa ya mawe.

Matandu_Juu: Kaka, makaa ya Mbinga yakienda bandari ya Mtwara hayagusi Somanga. Hapo inapita saruji ya Mtwara kwenda Dar.

Dereva_Kusini: Saruji siyo mzigo?

ChumaKwanza: Ni mzigo, na sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima. Bailey ya safu moja ya paneli kila upande haiwezi hizo kwa mita 30. Ongeza safu na ghorofa za paneli mpaka zitoshe, kisha lori moja moja, mwendo wa mtu anayetembea. Wakiingia mawili limepinda.

Mchinga: Na nani atasimama pale usiku kuwazuia? Vijana wa Somanga hao hao mnaowaita wezi. Waajirini, wapeni spana na ratiba ya kukaza kila wiki.

Nondo16: Ratiba naunga mkono. Kauli sifuti.