Sherehe ya kufahamiana na majirani wapya: tupeane uzoefu, mabaya yasifichwe

Mgeni wa Ghorofa ya Tatu

Habarini wakuu. Nimehamia jengo hili miezi miwili sasa, na majirani nawajua kwa viatu vyao mlangoni tu. Mlango wa pili kuna mabuti ya kazi, mlango wa nne kuna ndala za pinki za mtoto, wa sita hauna kitu. Sikukuu zinakaribia na mke wangu kaja na wazo: tuwaalike wote, kila mtu aje na kitu chekundu mwilini, tutundike taa za rangi, basi. Mimi nasitasita. Naona tutabaki wawili tunaangaliana chini ya taa zetu. Waliowahi kufanya sherehe yenye mada namna hii, ilikuwaje?

Mama Wawili

Ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kujifanya mbunifu. Nilitaka kila mtu avae kama watu wa enzi za zamani. Nilialika kaya kumi na moja, zikaja tatu. Kuna baba mmoja alifika na nguo zake za kila siku, alipotuona tumejipamba akasema "ngoja nikabadilishe mara moja". Namsubiri mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikaandika kwenye kadi: njoo na kofia yoyote uliyonayo. Mmoja kaja na helmeti ya pikipiki, mwingine kajifunika sufuria. Mzee mmoja ambaye nilikuwa namwogopa kwa ukali wa sura yake alikuja na kofia ya plastiki ya kuogea, kakaa nayo kiti cha mbele kabisa wala hatabasamu. Wasio na kofia niliwawekea meza karibu na mlango: magazeti, mkasi, gundi. Hapo ndipo palipochangamka kuliko kote! Watu wasiojuana ukiwaambia "zungumzeni" wanageuka mabubu. Ila wape karatasi wakate, huyu anashika pembe, yule anapaka gundi, ukirudi unakuta wameshafika kwenye habari za shule za watoto wao.

Wekundu ni mada nzuri, mdogo wangu. Hata soksi inatosha, na asiye nayo mfungie utepe mkononi.

Zamu ya Usiku

Mimi nitasema upande wa pili wa ukuta. Nafanya kazi usiku, mchana nalala. Jirani yangu alifanya sherehe ya kufahamiana, kadi ikapita kila mlango ila wangu, labda kwa kuwa hanioni. Nimejua kuna sherehe kwa kinanda kilichokuwa kinatikisa kitanda changu. Niligonga ukuta, wakadhani nashangilia.

Mtoa mada, sherehe yako ianze saa kumi jioni iishe saa kumi na mbili, na saa hizo ziandikwe. Anayejua mwisho ni lini anavumilia, na mwenye haya anakuja kwa sababu anajua hatafungiwa humo hadi usiku wa manane. Andika na namba yako ya simu ili anayesumbuka akutumie ujumbe kabla hajafura. Kadi ipite milango YOTE, hata ya usiyempenda.

Msomi wa Ngazi

Kuna utafiti wa Leon Festinger na wenzake, ulitoka 1950, kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia pale chuo cha MIT, Marekani. Kwa waliopakana mlango na mlango, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki wa karibu. Kwa waliokaa ncha mbili za korido moja, asilimia 10 tu. Na waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa nyingine, kwa sababu watu walipita kwao watake wasitake.

Niliposoma hayo nikahamisha sherehe yangu kutoka sebuleni nikaiweka kwenye uwazi wa ngazi, mlango wangu wazi nyuma yake. Kuingia sebuleni kwa mtu usiyemjua ni mtihani: utavua viatu? utakaa wapi? utaagaje? Ngazini mtu anasimama dakika mbili kama mpita njia, akinogewa anaongeza. Wawili waliokuja hawakuwa na nia ya kuja, walikuwa wanatupa taka. (Njia msiizibe lakini, mtu akihitaji kukimbia apite.)

Kimya Kingi

Nyongeza fupi. Usifanye siku yenyewe ya sikukuu, watu wana kwao. Wiki moja kabla inatosha. Iite kwa rangi au kwa taa, usiiite kwa dini, maana hujui nani anaadhimisha nini. Na kila sahani iwe na kikaratasi cha kilichomo, kuna watu karanga inawapeleka hospitali.

Halafu vibandiko vya majina. Mgeni ana ruhusa ya kuuliza jina. Sisi wenyeji ndio tunaoumbuka. Miaka minne nimemwita mtu "jirani, jirani", unaanzaje kumuuliza sasa? Siku ya vibandiko nililisoma jina lake kwa jicho la pembeni nikalitumia papo hapo kama nililijua tangu zamani. Yeye naye nikaona anakodolea kifua changu. Andikeni na namba ya mlango.

Nishachoka

Mie sishauri. Niliwaalika, wakazoea. Sasa drili yangu inajua nyumba zote isipokuwa kwangu.

Mama Wawili

@Nishachoka si ndio kufahamiana huko? Nenda kawagongee na wewe uazime kitu.

Mgeni wa Ghorofa ya Tatu

Mrejesho wakuu. Tumefanya jana, kwenye ngazi. Robo saa ya kwanza tulikuwa mimi, mke wangu na taa, nikaanza kumtazama kwa jicho la "si nilikwambia". Kisha akashuka mama wa ghorofa ya nne kavaa glavu nyekundu za kuoshea vyombo, akauliza kama zinahesabika. Baada yake wakaja kwa mkupuo. Mwenye mabuti hakuja, lakini asubuhi alituma ujumbe kwa namba ya kwenye kadi kuuliza tulimalizaje. Mlango wa sita kumbe hakuna anayeishi.

Na zile ndala za pinki si za mtoto. Ni za mzee, mtu mrefu mpaka anainama mlangoni. Anasema binti yake alizinunua kwa mzaha, akazivaa kumkomoa, na sasa hataki nyingine. Nilimuuliza mbona hakuvaa kitu chekundu. Akanyanyua mguu: "Na hii ni rangi gani?"