Tupeane uzoefu: unazuiaje kutu kwenye plau na haro za zamani bila oili chafu kuishia kisimani na ziwani

Mtu wa Mbuga (mleta mada)

Wakuu habari za jumapili. Nina plau mbili za ng'ombe za marehemu mzee, moja ni UFI ya enzi zile (kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo), na haro ya trekta, ile ya sahani za kuvunja madongo, niliyonunua kwa jamaa aliyekuwa anahama, vyote viko nyumbani Kisesa, Mwanza. Kila tukimaliza kulima tunapaka oili chafu ya gereji, tunaegemeza ukutani nyuma ya banda, basi, mpaka vuli nyingine. Ndivyo mzee alivyofanya na mimi nikaendeleza bila hata kuuliza.

Sasa mwaka huu mvua ya machi ilishuka ile ya kweli, asubuhi mama mkubwa karudi kisimani, katua ndoo mbele yangu hajasema neno. Maji yanang'aa rangi rangi juu kama upinde wa mvua. Kisima kiko chini ya banda, hatua 40 hivi, na chini ya kisima kuna kijito kinaelekea ziwani. Alininunia siku tatu. Kinachoniuma zaidi plau zenyewe zina kutu vilevile, bapa limeota vidonda. Kwaio nimepata lawama na kutu nimebaki nayo.

Naomba mtu aseme alichofanya YEYE mwenyewe, sio alichosikia.

Spana 17

Mkuu mimi ni fundi, niko Nyakato miaka 15 saivi, na nikuambie ukweli ambao mafundi hatupendi kuusema kwasababu oili chafu tunataka mtu aje aibebe. Oili ikishatembea kwenye injini inakuwa imebeba unyevu na asidi za mafuta yaliyoungua, pamoja na chembe za vyuma vilivyosagika, risasi mojawapo. Unafikiri unakinga chuma kumbe unakipaka kitu ambacho chenyewe kina asidi. Inazuia kidogo kwasababu ni nzito na maji hayaingii haraka, ila ikikaa miezi kwenye jua na mvua inachuja na kudondoka, chuma kinabaki wazi upande wa juu, na chini udongo umelowa oili hata majani hayaoti. Nenda kaangalie hapo ulipoegemeza plau kama kuna nyasi.

Mimi mwenyewe mikono ilianza kupasuka na kuwasha, daktari akasema ni oili, nivae glavu. Na haifai kuizoea kwenye ngozi, iko kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Tangu hapo naiweka kwenye madumu, kuna mtu anapita na gari kuchukua. Zamani... tuache tu, mfereji ulikuwa mlangoni na mto Mirongo unaoingia ziwani hauko mbali.

Ng'wana Kwimba

Sisi huku tunapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa na hakuna aliyekufa. Mnatisha watu bure. Mnataka aache ya bure akanunue grisi, auze mbuzi?

Binti wa Nansio

Ya kwangu mtacheka. Nilisoma kwamba mafuta ya wanyama yanazuia kutu, na huku Ukerewe mafuta ya sangara sio shida, mtu anakaanga samaki anakupa kopo zima. Nikapaka majembe yote 9, mapanga na mnyororo wa plau, nikajiona mjanja, hakuna sumu hakuna gharama. Usiku wa kwanza mbwa. Usiku wa pili mbwa wa kijiji kizima, wamelamba mnyororo wa plau mpaka unang'aa kama kioo. Nikaingiza stoo, wakaja panya, wakaanza na mipini iliyoshika mafuta wakamalizia na gunia la mbegu ya mahindi lililokuwa pembeni. Hapo ndo nilishika kichwa.

Lakini niseme haki, yale majembe mawili niliyoyaning'iniza juu ambako mbwa hakufika yalikaa msimu mzima bila kutu hata doa. Kwaio mafuta yanafanya kazi, shida ni harufu. Na angalizo, kama samaki alitiwa chumvi hayo mafuta usiyaguse, chumvi na chuma ni maadui.

Haro ya Babu

@Binti wa Nansio nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia 😂

Mimi nina uzoefu wa kutoa kutu iliyokwisha kukomaa. Nilikuwa na sahani za haro zimeshikana hata nati haionekani. Jamaa akaniambia molasi, ile ya kulishia ng'ombe. Sikuamini. Nikachukua pipa la plastiki, molasi sehemu moja na maji sehemu 9, nikazamisha, nikafunika na turubai. Wiki ya kwanza hamna kitu, harufu na nzi tu, mke wangu akaniambia nichague pipa au yeye. Siku ya 16 nikatoa sahani, nikapiga brashi ya waya na maji, kutu inamomonyoka yenyewe kama ugali ulioungua chini ya sufuria, chuma cha kijivu kinatokea na maandishi ya kiwandani yanasomeka. Sikutumia asidi wala grenda.

Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza nilitupia humohumo kabureta ya pampu ya maji ili nayo ipone, kumbe ni aluminiamu, imeliwa mpaka imekuwa na matundu, pampu ikafa. La pili ndo baya. Nikasema hii ni sukari tu, haina sumu, nikamwaga pipa lote kwenye bwawa dogo nililofuga sato. Kesho yake asubuhi sato wote wako juu wanatweta midomo nje, jioni wanaelea. Afisa uvuvi akanieleza vijidudu vinavyokula sukari vinamaliza hewa yote ya kwenye maji. Saivi nikimaliza namwaga kidogo kidogo kwenye rundo la mboji, mbali na maji.

Waya Mbili

Kuna njia ya umeme pia. Ndoo ya plastiki, maji, magadi yale ya kupikia makande vijiko kadhaa, chaja ya betri ya 12V. Waya wa hasi unaushika kwenye chuma chenye kutu, wa chanya kwenye kipande cha nondo, visigusane. Baada ya saa chache kutu inalegea. Fanyia nje kwenye upepo maana hewa inayotoka ni haidrojeni, inalipuka, hakuna sigara wala jiko karibu.

Mimi mara ya kwanza upande wa chanya niliweka mwiko wa stenlesi kwasababu hauliwi haraka. Maji yakageuka njano njano. Niliona ni kawaida mpaka mwalimu mmoja wa kemia aliponigombeza, stenlesi ina kromiamu na ikitoka hivyo ni sumu mbaya sana. Tumia chuma cha kawaida, kikiisha weka kingine.

Ng'wana Kwimba

Sasa umeme wa kijijini kwetu huo wa kuosha plau utoke wapi 😅

Kopo la Redoksaidi

Kwa wenye trekta za zamani, Massey Ferguson 135 na wenzake. Usikimbilie grenda. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na risasi, ukipiga grenda vumbi linaruka kila sehemu na watoto wako wanacheza hapo. Mimi nilifanyia uani, kuku wakadonoa magamba ya rangi siku nzima na mayai tukaendelea kula, nilipokuja kuelewa nilikosa usingizi. Siku hizi nalowesha kwa maji kwanza, nakwangua kwa msasa wa maji, natandika turubai chini na magamba nayafunga kwenye mfuko. Halafu redoksaidi (ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili na rangi juu yake. Sehemu inayosuguana na udongo usihangaike na rangi, haimalizi hata ekari moja.

Mpiga Pampu

Sisi wa nyanya za ufukweni tuna pampu na tunapaka dizeli kuzuia kutu kwenye fremu. Wanatuambia ndani ya mita 60 kutoka ziwani hairuhusiwi shughuli za kibinadamu za kudumu au za kuharibu mazingira, sheria ya mazingira ya 2004, sasa kupeleka pampu mita 60 juu kila jioni ni shughuli kweli. Ila tangu dagaa za jirani zikatwe bei kwa kunuka dizeli niliacha kupaka pale pale. Pampu naibeba hadi nyumbani kwa toroli. Mgongo unajua.

Mzee wa Usagara

Vijana mmeongea mengi. Plau inaliwa na udongo ulioachwa juu yake, hasa huu wa mbuga mweusi unaoshika kama ulimbo na kukaa na maji wiki nzima. Na samadi ndo usiseme, na mifuko ya mbolea ya chumvichumvi, mtu anaweka stoo moja na plau halafu anashangaa. Baba yangu alikuwa haingii ndani kula kabla plau haijakwanguliwa kwa kijiti, ikafutwa kwa nyasi kavu, ikaanikwa. Majembe ya mkono yakikauka yalikaa darini juu ya jiko la kuni, moshi unayapaka. Kuna jembe moja mle lilitoka kwa Warongo, wafua chuma wa Uzinza, tulilikuta na bado liko. Hakuna aliyewahi kulipaka oili, oili yenyewe ingetoka wapi.

Weka plau juu ya mawe au mbao, isiguse ardhi, na bati juu. Basi.

Mtu wa Mbuga (mleta mada)

Wabeja sana wakuu. Narudisha majibu baada ya wiki tano.

Sahani za haro nimeziloweka molasi kama @Haro ya Babu (pipa liko mbali na nyumba, nimejifunza kwa ndoa ya mwenzangu). Plau nimezisugua, nikaanika, halafu nikajaribu kitu changu, nta ya nyuki ya Tabora robo kilo nikaiyeyusha juu ya maji ya moto pamoja na mafuta ya pamba kama vikombe vitatu, ikipoa inakuwa laini kama siagi. Unapaka kwa kitambaa kwenye chuma kilichochemshwa na jua. Mbwa kanusa kaondoka. Zimepigwa na mvua mbili ambazo hazikuwa za msimu kwasababu bati bado sijaezeka, matone yanateleza tu. Kama itavuka mpaka oktoba nitawaambia.

Ule udongo wenye oili nyuma ya banda nimeuchimba kina cha koleo moja, uko kwenye viroba, sijui niupeleke wapi, mwenye wazo aseme. Kisimani tunachota ya kufulia tu kwa sasa.

Mama mkubwa alikuja kuangalia ninachopika, akachovya kidole, akanusa. Kachukua kopo lililobaki kwa ajili ya magaga ya miguu.

Binti wa Nansio

Nta kilo shilingi ngapi huko mjini?