Tupeane uzoefu: nyumbani kwako mmejipangaje kuita gari la wagonjwa?

Mwana wa Goba
Wakuu, salaam. Nimehamia kwa bi mkubwa tangu presha ianze kumsumbua. Yakitokea saa nane usiku, nani anapiga simu, na gari litapita wapi? Nyumba ipo bondeni, mvua ikinyesha njia moja haipitiki kabisa. Kile kibao cha namba ya nyumba tulichobandikiwa kipindi cha anwani za makazi, mwaka 2022, kilikuwa kimefunikwa na maua ya ukutani. Nimefyeka. Namba hiyo, jina la mtaa na dawa anazotumia nimeviandika kwenye karatasi, nimebandika mlango wa friji. Leteni yaliyowakuta, siyo nadharia.

Sauti ya Zamu
Napokea simu za dharura kwenye hospitali moja. Simu za usiku nyingi huanza hivi: "Njooni haraka, baba anakufa!" Halafu imekatwa. Ukimpigia, namba inatumika, anawajulisha ndugu wa Mwanza! Jamani, simu iliyoita gari iachwe kwa kazi hiyo tu. Ndugu wapigiwe kwa simu nyingine.

Tutaanza kukuuliza uko wapi, ili laini ikikatika tuwe na pa kuanzia. Kisha: anaitika? Anapumua vizuri? Ana umri gani, kimetokea nini, saa ngapi? Hilo la saa watu hulichukulia poa. Mtu akipinda mdomo ghafla na mkono ukalegea, daktari atataka kujua mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, kwa sababu kuna matibabu ya kiharusi yanayotolewa ndani ya muda maalumu tu.

Na msituambie "ukifika uliza kwa mzee fulani". Dereva amuulize nani saa tisa usiku? Taja kinachoonekana gizani: kituo cha mafuta, mnara wa simu, msikiti wenye taa. Mtu mmoja atoke barabarani na tochi.

Mama Pacha, Shinyanga
Wajawazito na wenye vichanga, huku Tanzania ni 115, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Ni bure. Uchungu uliponishika nilitegemea gari la king'ora, ikaja Probox. Mume wangu akamkatalia dereva pale mlangoni, akidhani ni tapeli! Kumbe gari la wagonjwa likiwa mbali hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na mfumo ndio unaomlipa. Baba wa nyumba aelezwe mapema. Kadi ya kliniki, kanga na chaja vikae begi moja.

Ghorofa ya Nne, Nairobi
Huku Kenya kuna 999 na 112, Msalaba Mwekundu ni 1199. Sisi tulikwama getini. Ambulensi imefika, soja hana habari, ufunguo uko kwa keateka na amezima simu. Sasa kwenye grupu la ploti tumekubaliana: ukishaita ambulensi, simu ya pili ni ya soja. Halafu kuna ngazi. Machela haikukata kona, mzee akashushwa kwa kiti, na kwenye korido kulikuwa na pikipiki na mitungi ya maji ya watu. Vita vya kuiondoa ile pikipiki bado vinaendelea.

Mkweli Daima
Mnaongea kana kwamba kila kijiji kina gari linalosubiri. Kwetu ni bodaboda au Noah ya jirani. Nimepatana bei na dereva wa bajaji anayelala karibu, kabla ya shida, kwa sababu usiku wa shida bei hupanda. Hela ya mafuta ipo kwenye simu ya mke wangu na haiguswi hata sikukuu.

Sauti ya Zamu
Mkweli, nakuunga mkono, ila aliyeanguka kutoka mnazini au aliyegongwa na gari usimkunje kwenye bajaji. Shingo ikiwa imeumia unaweza kumpoozesha. Kama mahali ni salama, mwacheni alale palepale, mmoja amshikilie kichwa kisicheze. Mkilazimika kumbeba, tafuteni ubao au mlango, mwinueni kwa pamoja, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja.

Mwana wa Goba
Asanteni. Swali: mchana bi mkubwa hubaki na dada wa kazi, na dada kusoma kunampa tabu. Hiyo karatasi ya friji itamsaidia nini?

Mama Pacha, Shinyanga
Ana kitochi? Muwekee namba ya hospitali kwenye kitufe cha 2 na yako kwenye cha 3, akibonyeza na kushikilia inapiga yenyewe. Kisha mfanyishe zoezi: wewe jifanye mpokea simu, uliza, yeye aelekeze kwa mdomo wake kuanzia barabara ya lami mpaka mlangoni. Akikosea kona, rudieni kwa miguu.

Ghorofa ya Nne, Nairobi
Na salio liwemo, ama mwekee namba ya bure.