Naomba ushauri: sini ya kuning'inia ghorofani na ukuta unaomwangukia mtu, bajeti ndogo

KitimtimPikcha (mleta uzi)
Wakuu, habari za leo. Tunaandaa filamu fupi ya vichekesho, dakika 12, haina maneno, kwa mtindo wa filamu kimya za miaka ya 1920. Sini mbili zimetukwamisha.

Ya kwanza: mhusika ananing'inia kwenye bango la duka, barabara inaonekana chini yake, mfano wa mchekeshaji Harold Lloyd kwenye ile saa ya ghorofani katika filamu ya Safety Last! (1923). Ya pili: ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia, dirisha linampitia, yeye hata hajagundua, mfano wa mchekeshaji Buster Keaton kwenye filamu ya Steamboat Bill, Jr. (1928).

Tulicho nacho: paa la zege la jengo lenye urefu wa mita 10, ukingo wake una kimo cha mita 1. Kamera yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha), lenzi ya milimita 24 na ya 50. Seremala yupo. Kompyuta yetu haiwezi kazi ya kuchanganya picha, kwa hiyo msiniambie nitundike kitambaa cha kijani. Wale walifanyaje, na mimi nifanye nini?

FundiSeti
Mkuu, Lloyd hakuning'inia kwenye ghorofa unalodhani unaliona. Walijenga kipande cha ukuta wa jengo juu ya mapaa ya majengo halisi katikati ya Los Angeles, wakawa wanahamia jengo refu zaidi kila mhusika "anapopanda". Kamera iliwekwa juu ya jukwaa, ikatazama kupitia ukuta wa bandia hadi barabarani. Barabara ni ya kweli, magari ni ya kweli. Kinachofichwa ni paa lililo katikati. Picha za mbali za mtu akipanda jengo lenyewe alipanda Bill Strother, mpanda maghorofa ambaye ndiye pia anayeigiza rafiki wa mhusika.

Kwa paa lako hesabu ni hizi. Lenzi iwe mita 5 juu ya sakafu ya paa na mita 4 kutoka ukingoni. Ukingo ukiwa mita 1, mstari kutoka lenzi hadi juu ya ukingo unashuka kwa nyuzi 45. Tumia ya milimita 24, fremu ya 16 kwa 9, ielekeze chini nyuzi 20. Chini ya fremu itaishia nyuzi 43, ukingo utabaki nje kidogo tu. Lenzi yako iko mita 15 toka ardhini, kwa hiyo ardhi itaanza kuonekana mita 12 hivi kutoka ukuta wa jengo. Kama barabara imepakana na jengo, utaona paa za jirani badala ya magari. Nenda kapime hilo kwanza kabla hujanunua ubao hata mmoja.

Mwigizaji awe mita 2.5 mbele ya lenzi. Hapo fremu inaona kuanzia mita 2.7 hadi mita 5.1 juu ya sakafu, inamtosha mtu aliyenyoosha mikono. Mikono ikamate bango kwenye mita 5, miguu iishie 2.8.

Mama_Seti
Naongezea kwa FundiSeti kabla watu hawajaanza kushangilia. Chini ya Lloyd kulikuwa na jukwaa lenye magodoro. Walipolijaribu kwa kudondosha sanamu, sanamu lilidunda kwenye godoro likaenda hadi barabarani. Na huyo Lloyd alikuwa hana kidole gumba wala cha shahada mkono wa kulia, vilikatwa na bomu la kuigizia lililolipuka mwaka 1919 akipigwa picha. Ukimwona na glavu, vidole hivyo ni vya bandia.

Kwa hesabu zilizotolewa hapo juu, mwigizaji yuko mita 1.5 tu kutoka ukingoni. Juu ya godoro pasizidi mita 1.7 toka sakafu, hapo linaweza kutokeza mita 1 mbele ya mwigizaji bila kuonekana kwenye fremu. Usitumie godoro la springi, ndilo linalodundisha. Weka tabaka tatu za sponji laini, na chini yake maboksi matupu ya kadibodi yaliyofungwa gundi, maana boksi linabonyea na kumeza mwanguko. Upande wa nje pandisha wavu.

Juu ya yote hayo, mkanda wa usalama wa mwili mzima ndani ya koti, kamba itoke mgongoni, ipite kwenye tundu la ukuta wa bandia na kufungwa kwenye nguzo ya zege. Isifungwe kwenye seti. Koti liwe jeusi na kubwa kidogo. Kamera iko upande, mgongo umeelekea ukutani, kamba haionekani na huhitaji kuifuta kwa kompyuta. Kibali cha mwenye jengo na cha Bodi ya Filamu kama uko Tanzania, vyote viwe mkononi.

Pembetatu
Nimeona swali la ukuta limerukwa. Watu wanapenda kutaja uzito (inasemwa tani 2) na ujasiri wa Keaton. Ujasiri alikuwa nao, ila kilichomwokoa ni futi kamba. Walilaza fremu ya ukuta chini, wakajenga dirisha kumzunguka yeye, wakiacha kama inchi 2 tu pembeni. Kisha wakausimamisha na kutia alama pa kusimama.

Dirisha lake lilikuwa juu, la darini, na lina sababu. Ukuta unazunguka kwenye bawaba za chini. Dirisha likiwa chini karibu na bawaba, linamfikia mtu likiwa limeinama, hivyo lazima liwe refu sana. Likiwa juu, linashuka karibu wima na tundu dogo linatosha. Kwa mtu wa mita 1.7 mwenye unene wa sentimita 30, tundu lisilo na nafasi ya ziada linatakiwa liwe hivi, ukipima kwenye ukuta kuanzia bawaba:

Akisimama mita 2 kutoka bawaba: kuanzia 1.85 hadi 2.74, yaani sentimita 89.
Akisimama mita 4: kuanzia 3.85 hadi 4.49, sentimita 64.
Akisimama mita 6: kuanzia 5.85 hadi 6.38, sentimita 53.

Chagua mita 4. Ongeza sentimita 25 kila upande, juu, chini na pembeni. Keaton aliacha inchi 2, wewe huna sababu ya kushindana naye. Kwenye picha, sentimita 25 bado inatisha, kwa kuwa mtazamaji anautazama ukuta.

KitimtimPikcha
Pembetatu nimekuelewa, ubarikiwe. Sasa ukuta tukiufanya mwepesi, wa mbao nyembamba na kadibodi, si hatari inaisha yenyewe?

Pembetatu
Inapungua, ila linakuja tatizo lingine: upepo. Ukuta mwepesi unaanguka kama karatasi, unaelea na kujipinda, na ukijipinda dirisha haliji ulipopima. Keaton alikuwa na mashine sita za upepo zenye injini za ndege kwa ajili ya kile kimbunga, lakini alihakikisha hakuna mkondo unaogusa uso wa ukuta ule unapoanza kuanguka. Na ukuta wake ni mzito. Wako utapeperushwa hata na upepo wa jioni.

Fremu: mbao za 2 kwa 2, mbili mbili, zenye mishazari ili isipinde. Funika kwa kitambaa kilichopakwa rangi ya matofali, usitumie plaiwudi, maana kitambaa kinapitisha hewa kidogo. Ubao mzito kuliko zote uwe wa juu kabisa, ndio unaovuta ukuta uende moja kwa moja. Chini, bawaba nne za geti kwenye boriti iliyozikwa au kufungwa kwa bolti. Mbili hazitoshi, ukuta utakwenda mshazari. Kamba mbili za nyuma zishikwe na watu wawili na ziachiwe kwa hesabu moja. Piga alfajiri, hewa ikiwa imetulia.

Dondosha mara kadhaa juu ya sanamu lenye urefu wa mwigizaji na kofia yake. Kofia ikiguswa hata mara moja, rudi kwenye vipimo. Vumbi liwe udongo uliochekechwa, saruji hapana, itamharibu macho.

Kioo_na_Rangi
Kwa ile ya ghorofani mimi nisingempandisha mtu juu kabisa. Tazama Chaplin akiteleza na magurudumu ukingoni, amefungwa macho, kwenye Modern Times (1936). Lile shimo unaloliona pembeni yake ni picha iliyochorwa kwenye kioo mbele ya lenzi. Yeye yuko kwenye sakafu ya kawaida.

Wewe chapisha picha ya barabara iliyopigwa kutoka kwenye paa lako, kwa lenzi ileile na pembe ileile, ibandike kwenye plaiwudi, ikate kufuata mstari wa ukuta, isimamishe mita 1 mbele ya kamera. Lenzi ya 24, tundu la lenzi liwe dogo, f/11, fokasi kwenye mita 1.8: kuanzia sentimita 90 hadi mbali kabisa kunakuwa safi. Kamera isiguswe tena. Mwanga uangukie picha kutoka upande uleule wa jua la siku ulipoipiga, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Hasara yake ni kwamba magari yamesimama, kwa hiyo sekunde 3 au 4, kisha kata.

FundiSeti
Wazo zuri kwa picha za karibu. Ila ile picha moja pana ya kule juu ya paa usiiache, bila magari yanayotembea kichekesho kinapoa.

Na kasi: wale walizungusha kamera polepole ili watu waonekane wepesi. Piga fremu 20 kwa sekunde, onyesha kwa 24, mwendo unaongezeka kwa asilimia 20. Fanya hivyo kwenye kukimbia na kupanda. Kwenye ukuta usifanye, utaonekana mwepesi kama boksi. Ule piga kwa fremu 30 uonyeshe kwa 24, upate uzito ambao haunao.