Shindano la deki za kadi: majaji wana mshindi wao, grupu lina wake. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

MwanaNgamiani (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Mie niko Tanga, huku Ngamiani, tuna grupu letu la WhatsApp la wachezaji wa Pokémon TCG Pocket, ile gemu ya kadi ya kwenye simu. Tukaandaa shindano la kupanga deki. Deki ni kadi 20 kama kawaida ya gemu, ila sharti letu isiwe na kadi ya ex hata moja, zile zenye nguvu kuliko za kawaida, maana tumechoka, kila mtu anapanga zilezile mbili tatu alizoziona YouTube. Kila mshiriki katoa buku tano, deki zikafika 17, mie nikaongezea kidogo tukapata laki ya mshindi. Tangazo lilisema mshindi atapatikana kwa majaji pamoja na maoni ya wanagrupu.

Sasa kimbembe. Majaji watatu wameipa namba moja deki ya Weezing, yule kiumbe wa sumu, na Koga, kadi ya kumsaidia. Wanagrupu tukawawekea kura palepale WhatsApp, deki ya joka Dragonite imepata 31, Weezing kaambulia 9! Watu wa Dragonite wameshaanza kushangilia, na kuna namba ngeni zimeingizwa grupuni siku ileile ya kura, nasikia ni ndugu zao wa Muheza. Nikifuata kura majaji watasema nimewaweka mapambo, nikifuata majaji grupu litanifia mikononi. Ijumaa baada ya Isha natakiwa nitangaze. Nifanyeje? Usingizi sipati kwa jambo hili, matusi hapana tafadhali.

Mzee_wa_Shupaza
Vijana mna mambo. Karata sisi tulicheza barazani, kopa, uru, shupaza, pau, mtu anaipiga turufu mezani watu wote wanaona, habari imeisha. Kulikuwa na marehemu mmoja pale Chuda, Mungu amrehemu, alikuwa anazihesabu kadi zilizotoka zote kichwani, ukibaki na turufu moja umeificha anakwambia unayo, tena iko ya pili kutoka kushoto. Hakuna aliyewahi kumpigia kura na hakuna aliyembishia. Waambie hao wawili wa juu wacheze, anayeshinda achukue.

UmmuSalha
Mie nina la kusema kuhusu hiyo laki. Watu 17 kila mmoja katoa chake halafu mmoja anazoa zote, hiyo kwangu ni kamari, kaulize mashehe wakwambie. Warudishie watu pesa zao, zawadi toa mfukoni mwako, hapo ndo uje uulize mambo ya majaji.

Kaka_Raskazone
@Mzee_wa_Shupaza wacheze wao hapana mzee wangu, hili ni shindano la kupanga, kuna watu wanapanga vizuri kuliko wanavyocheza.

Kwa wasioijua hii gemu, ex ya kawaida ikiangushwa mpinzani anapata pointi 2, na wa kwanza kufika 3 kashinda. Deki isiyo na ex inamlazimisha mpinzani aangushe tatu nzima, kwa hiyo sharti lako mkuu lina akili sana. Na kiukweli majaji wako nawaelewa. Weezing akiwa mbele anampa mpinzani sumu kila zamu bila kutumia energy, yaani ile nguvu ya kushambulia, akishapigwa yuko hoi unamtoa kwa Koga anarudi mkononi na mpinzani hapati kitu. Dragonite ni shoo tu, mpaka umtoe Dratini umpitishe Dragonair, hatua zake za chini, na bado anataka energy 4, halafu lile pigo lake linatua ovyo, hamsini hamsini mara nne, hata huchagui limpige nani. Watu wanampenda kwa picha. Ila hizo deki mlizicheza au mliangalia skrinshoti?

MwanaNgamiani
Asante kaka, umenisemea. Tulizicheza, siyo zote, zile tulizoona kali.

BintiPangani
Mnaozionaje kali kabla hamjazicheza? Na majaji ni akina nani? Majina ya wenye deki mliyaficha? Mbona hayo hukuyasema.

MwanaNgamiani
Ni watu wanaoijua gemu dada, hapo hakuna shida. Shida yangu ni kura.

BintiPangani
Sijauliza kama wanaijua. Nimeuliza ni nani.

Dereva_wa_Horohoro
Hahaha dada kakaza. Kweli bwana jibu, maana mama watoto wangu aliwahi kupeleka pilau kwenye mashindano ya kikundi chao cha kina mama, jaji mkuu wifi yake. Akawa wa mwisho! Mpaka leo hawasalimiani vizuri, wifi anasema alitaka asionekane anapendelea. Kwa hiyo undugu unaweza kukuua huku na huku.

MwanaNgamiani
Haya. Jaji mmoja ni mie. Na hiyo Weezing ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Najua mtakavyosema, ila sikilizeni kwanza. Majaji wengine wawili hawana undugu naye, mmoja kampa 9 kwa 10 na mwingine 8, mie nikampa 9. Ondoa alama zangu bado anaongoza. Kijana alikaa na ile deki mpaka usiku wa manane anatoa kadi anarudisha kadi, namuona kwa macho yangu sebuleni, na wa Dragonite sina hakika kama hata kaipanga mwenyewe. Sasa nimnyime haki yake kwa sababu nimemuoa dada yake? Na nilishamdokeza asisafiri Ijumaa.

Mzee_wa_Shupaza
Ahaa. Kumbe harusi ndo ilianza, karata zikafuata.

UmmuSalha
Umemdokeza kabla hujatangaza! Hapo umeshaamua ndugu yangu, huku umekuja kutafuta mashahidi.

Dereva_wa_Horohoro
Tanga waja leo waondoka leo, wewe huna pa kuondokea, mkeo yuko humohumo ndani. Toa laki kula chakula cha usiku kwa amani.

MtotowaDeiwaka
Mie niko Ulaya nawaambia mfano ulio hai. Kuna Eurovision, mashindano ya nyimbo, kwenye fainali pointi karibu nusu za majaji nusu za watazamaji. Mwaka 2016 majaji waliipa Australia ya kwanza, watazamaji wakaipa Urusi, na aliyebeba kombe ni Jamala wa Ukraine ambaye alikuwa wa pili kote kuwili. Watu walinuna ila matokeo yalisimama, kwa sababu hesabu ilijulikana kabla mtu hajaimba. Na nchi hairuhusiwi kuupigia wimbo wake. Hapo kwako mkuu naona yote mawili hayapo. Wa pili kwa majaji ni nani, na wa pili kwa kura?

KaptenMkonge
Jamani mnapoteza bando. HII NI CHAI. Nimeisoma toka juu. Kura ya WhatsApp mwisho machaguo 12, huyu ana deki 17, tano zilikaa wapi? Halafu kura ya WhatsApp inaonesha jina la kila aliyepiga, sasa hao wa Muheza "nasikia" ya nini, si ubonyeze uone? Umekaa umetunga, ukaona haina utamu ukaongeza na shemeji. Hata ule uzi wa kuku wa mashindano ulianza hivihivi.

Dereva_wa_Horohoro
Duh. Na mie nishatoa siri za pilau hapa.

MwanaNgamiani
Kapten nitunge ili iweje, nilipwe na nani? Tuliweka kura MBILI. Ya kwanza deki 12 Jumamosi, ya pili zile 5 zilizobaki, Jumapili. Na majina yanaonekana ndiyo, ila namba nyingi sijazisevu, naona tu vialama vya jina walivyojiandikia. Skrinshoti ninazo, anayetaka aje inboksi.

KaptenMkonge
Nimeziona. Sawa, siyo chai. Nimekosea njia, samahani mkuu.

BintiPangani
Subiri subiri. Weezing ilikuwa kura ipi na Dragonite ipi?

MwanaNgamiani
Weezing ya kwanza, Dragonite ya pili.

BintiPangani
Sasa 31 na 9 unazilinganishaje? Mmoja kagawana wapiga kura na wenzake kumi na mmoja, mwingine kagawana na wanne tu, tena siku nyingine, na watu wengine wameshaongezeka. Na ile sehemu ya kuruhusu majibu zaidi ya moja uliizima?

MwanaNgamiani
Ya pili nadhani haikuzimwa. Aliyeiweka ni admini mwenzangu.

Kaka_Raskazone
Basi kura huna. Una orodha ya watu waliobonyeza.

BintiPangani
Na majaji pia huna, usimtupie grupu peke yake. Deki nyingine hamkuzicheza, majina yalikuwa wazi na jaji mmoja analala nyumba moja na mshiriki. Tena hukuwahi kuwaambia watu maoni yao yana uzito gani. Mtu ukimwambia "maoni yako yatazingatiwa" yeye anaelewa kura, wewe ulielewa pongezi. Watu wa Dragonite wana haki ya kukasirika hata kama deki yao ni dhaifu, na mie naona ni dhaifu.

Wape kitu wanachokiweza. Grupu lichague tano za fainali, deki zote 17 ziwekwe kwa namba bila majina, kila mtu aandike chaguo lake la kwanza, la pili na la tatu, wapige waliokuwemo grupuni kabla ya shindano kutangazwa. Ya kwanza pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1. Ukiwa kipenzi cha watu wa Muheza peke yao huvuki. Hizo tano majaji wazicheze zote dhidi ya deki ileile moja, idadi ileile ya mechi, mshindi ni huyo. Na wewe utoke kwenye ujaji.

MwanaNgamiani
Mie kutoka sawa. Ila shemeji simtoi, deki yake iingie kama za wengine.

BintiPangani
Nani kasema umtoe? Iingie bila jina. Kama ni nzuri hivyo itapita.

UmmuSalha
Na buku tano za watu?

MwanaNgamiani
Anayetaka kujitoa kwa mabadiliko haya arudishiwe, hilo nakubali. Laki itabaki laki, pengo nitaziba mie. Ijumaa baada ya Isha natangaza utaratibu badala ya mshindi, wenye kelele wapige. @BintiPangani @Kaka_Raskazone nahitaji jaji mmoja wa kukaa kiti changu, ambaye hanijui wala hamjui shemeji.

Kaka_Raskazone
Mie nimeshaisifia Weezing hapa mbele za watu, sifai. Mchukue dada.

BintiPangani
Nitumie deki 17 kwa namba. Majina usinitumie, na usinidokeze.

Mzee_wa_Shupaza
Na huyo kijana anayekaa Ijumaa asisafiri, mmeshamwambia?

MwanaNgamiani
Naenda kumwambia sasa hivi mzee wangu. Yuko sebuleni na dada yake.