Baba alifariki 2015, jina lake bado limo katika sajili ya wapigakura. Nifanyeje?

Binti wa Nahodha

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina jambo linalonikera tangu 2022, na sasa kwa kuwa uandikishaji umefunguliwa tena na watu wameanza kuizungumzia 2027, nataka niulize wanaojua.

Sisi ni watu wa Kwale, pwani ya kusini. Babangu alikuwa nahodha wa mashua ya jarife, mtu wa bahari maisha yake yote. Alifariki nyumbani, Ramadhani ya 2015, usiku baada ya tarawehe. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili alikuwa ameshaoshwa, ameswaliwa, amezikwa. Ndivyo tunavyofanya huku, maiti hakawizwi. Hakuna aliyefikiria cheti cha kifo. Mamangu alikuwa eda, ami yangu alishughulika na hitma, mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Miaka ikapita.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, niliangalia jina langu kwa kutuma ujumbe kwa 70000. Namba ya kitambulisho cha baba naijua kwa moyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye fomu zangu zote za shule. Sijui nilipata wapi wazo hilo, lakini niliituma. Jibu likaja na jina lake kamili na kituo chake cha kupigia kura, shule ya msingi ileile. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Baada ya uchaguzi tulikuwa kwenye harusi, na mwanamume mmoja, mtu mzima, akasema mbele ya watu: "Huku kwetu hata waliokufa walipiga kura, hata nahodha alipiga." Watu wakacheka. Mimi niliondoka. Babangu aliamka alfajiri kupiga kura 2007, akapiga tena ile ya katiba 2010, na 2013 alisimama juani saa tano akiwa tayari mgonjwa wa figo. Sitaki jina lake litumiwe na mwizi, na sitaki lichezewe harusini.

Maswali yangu ni matatu. Je, inawezekana kweli mtu alipiga kura kwa jina la baba? Nawezaje kujua? Na nalitoaje?

Kijana wa Kisauni

Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee.

Mimi msimamo wangu ni mmoja: sajili hii ichomwe, tuanze upya. Wakaguzi wa kampuni ya KPMG, waliopewa kazi ya kuikagua sajili, wenyewe walisema 2022 kwamba mlikuwa na wafu 246,465 ndani, na rekodi 481,711 zilizojirudia. Sajili nzima ilikuwa watu 22,120,458. Wadi kwetu mtu anashinda kwa kura mia mbili! Ukiniambia hayo majina hayana kazi siwezi kukuelewa. Kila Mkenya aende upya na kitambulisho chake, asiyekwenda asiwemo. Wafu hawatakwenda.

Karani wa Kilifi

Dada, pole kwa msiba hata kama ni wa zamani, na nisamehe nikiandika kirefu. Nilikuwa karani wa kuandikisha 2012 na karani wa kituo 2017, mara zote mbili, Agosti na ule wa marudio wa Oktoba. Jambo hili nimelibeba.

Nianze na wewe wa Kisauni, kwa heshima. Tulishaanza upya, mara mbili. Baada ya maafa ya 2007, tume ya Jaji Kriegler kutoka Afrika Kusini ilisema katika ripoti ya 2008 kwamba ndani ya sajili mlikuwa na majina ya wafu kama milioni 1.2. Ile tume ya uchaguzi ikavunjwa, sajili ikatupwa, watu wakaandikishwa upya 2010 kwa ajili ya kura ya katiba. Kisha tukatupa hiyo pia, tukaanza tena Novemba 2012 kwa mashine za alama za vidole. Mimi ndipo nilipoingia. Siku thelathini, sanduku la BVR mezani, kompyuta, kamera, kisoma vidole, na jenereta lililokuwa likizima mafuta yakiwa bado yamo. Tukapata watu zaidi ya milioni 14 nchi nzima.

Haya, sajili mpya kabisa, hai tupu. Miaka minne na nusu baadaye, 2017, wakaguzi wanaikagua. Wanakadiria kwamba wafu waliomo ni zaidi ya milioni moja. Lakini wale walioweza kuwaonyesha kwa jina na namba, kwa kulinganisha na kumbukumbu za vifo, walikuwa 92,277.

Naomba mzitazame namba hizo mbili pamoja, maana jambo lote limo humo. Wafu milioni, na serikali inawajua elfu tisini na mbili. Waliobaki ni akina nahodha. Walizikwa kabla ya adhuhuri, au walizikwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, na hakuna karatasi iliyotoka. Au karatasi ilitoka lakini haikuandikwa namba ya kitambulisho, na kumbukumbu ya kifo isiyo na namba hiyo haiwezi kulinganishwa na chochote. Ukiichoma sajili leo ukaandika mpya, kesho asubuhi kuna mzee atakayefariki Ganze au Lungalunga, na mpya itaanza kuoza siku hiyohiyo.

Na kuandikisha upya kuna watu kunaowaacha. Nilikaa pale siku thelathini, nikaona waliokuja na waliokosa kuja. Mama aliyetembea kutoka bara akakuta mashine imezima, akaambiwa rudi kesho, hakurudi. Wachimba mawe ya matumbawe, vidole vimelika hadi kisoma vidole hakioni kitu, unamsugua mtu kidole kwa kitambaa mara sita. Kina mama wanaosuka makuti vilevile. Katiba yenyewe, kifungu cha 83, inasema mipango ya uandikishaji iwe ya kumrahisishia mwananchi haki yake, isiwe ya kumnyima. Asiyekwenda asiwemo, unasema. Huyo asiyekwenda si mfu, ndugu yangu. Mara nyingi ni bibi yako.

Sasa maswali ya dada.

Je, inawezekana? Jina peke yake halipigi kura. Ukifika kituoni unaweka kidole kwenye kifaa cha KIEMS, kile cha kumtambua mpigakura, picha yako inatokea, unapewa karatasi. Mtu hawezi kuleta kidole cha baba. Lakini kuna njia ya pili, na ni ya halali, kwa sababu ya hao wachimba mawe niliowataja. Kidole kikikataa, karani anaandika namba ya kitambulisho kwenye kifaa, picha ya mpigakura inatokea, fomu ya 32A inajazwa mbele ya mawakala wa vyama, kisha mtu anapiga kura. Na kifaa kikifa kabisa kuna sajili iliyochapishwa, kama ilivyoruhusiwa 2022 katika vituo kadhaa vya Kakamega na Makueni. Ulinzi wa njia hizo mbili ni macho ya watu. Msimamizi wa kituo, makarani, na ile benchi ya mawakala.

Nitawaambia nilichokiona, sikuona wizi. Niliona benchi. Siku ya Agosti 2017 asubuhi benchi letu lilikuwa na mawakala tisa. Saa nane mchana walibaki wawili, mmoja amelala kichwa ukutani. Wengine hawakuletewa chakula wala nauli na waliowatuma, wakaenda zao. Akaja mzee, kidole kikakataa. Tulifanya kila kitu sawasawa, picha ilikuwa yake, alipiga kura yake halali. Lakini nilipokuwa najaza ile fomu nilitazama benchi na nikaelewa. Kama mimi, na msimamizi wangu, na hao wawili tungekuwa watu wa nia moja, jina la marehemu yeyote katika kurasa zile lingeweza kuitwa. Jina la mfu ni kama nyumba isiyo na mwenyewe. Haijiibi, lakini inamkaribisha mwenye nia.

Kwa hiyo yule wa harusini hakuwa na ushahidi wowote. Alisema la watu.

Unawezaje kujua? Hapa sina jibu la kukufurahisha. Kifaa kinaweka kumbukumbu ya kila aliyetambuliwa, na kama alitambuliwa kwa kidole au kwa namba. Lakini mimi na wewe hatuingii humo. Hufunguliwa kwa amri ya mahakama, kesi ya uchaguzi ikiwepo. Na hata amri ikitoka si lazima mambo yafunguke: Agosti 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume ya uchaguzi, IEBC, zifunguliwe zisomwe, tume haikutii ipasavyo, na majaji walio wengi wakalichukulia hilo dhidi yake walipofuta uchaguzi wa urais Septemba mosi. Mimi ningetaka sheria imruhusu jamaa wa marehemu, akiwa na cheti cha kifo, aulize swali moja tu: je, jina hili lilitumika? Ndiyo au la.

Unalitoaje? Nenda kwa naibu chifu wa mtaa wenu ukasajili kifo. Aliyefia nyumbani fomu yake ni D2, ya aliyefia hospitali ni D1. Miezi sita imeshapita zamani, kwa hiyo ni usajili wa kuchelewa, una ada na maswali zaidi. Chukua watu walioshuhudia mazishi, na nakuomba sana, hakikisha namba ya kitambulisho cha marehemu imeandikwa. Usitoke pale bila kuiona kwa macho yako. Ukipata cheti, peleka nakala afisi ya tume katika eneo bunge lenu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Uchaguzi kinawapa kazi ya kufuta majina ya waliofariki, si hisani.

Kijana wa Kisauni

Nimesoma yote. Hiyo ya elfu tisini na mbili sikuijua. Bado nina wasiwasi na rekodi zilizojirudia, maana huyo ni mtu hai aliyeandikwa mara mbili, na kumsafisha hakuhitaji naibu chifu, ni kompyuta tu. Kwa nini zinafika 2022 zikiwa laki nne na zaidi? Lakini kuchoma sajili narudisha ulimi. Bibi yangu vidole vyake ni hivyohivyo, vya makuti.

Dada wa Garissa

Mnaongea juu ya wafu walio ndani. Nataka niwakumbushe walio hai nje. Mwaka wa ukame, mama yangu alipeleka watoto Dadaab, kwenye kambi ya wakimbizi, ili wapate mgao wa chakula. Njaa ilikuwa mlangoni. Vidole vya kaka yangu vikachukuliwa kwenye orodha ya wakimbizi akiwa mtoto. Amezaliwa Garissa, baba yake na babu yake wamezaliwa Garissa. Alipofika miaka kumi na minane, vidole vilisema yeye ni mkimbizi. Amekaa bila kitambulisho miaka na miaka, na bila kitambulisho hakuna sajili. Wakenya wenye shida hiyo wamekadiriwa kufika elfu arobaini kwetu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "kila mtu aende upya na kitambulisho," tumbo linanikata. Kompyuta unayoiamini, ndugu wa Kisauni, ndiyo iliyosema kaka yangu si Mkenya.

Binti wa Nahodha, pole. Toa jina la baba taratibu, kwa heshima yake.

Karani wa Kilifi

Dada wa Garissa, 2012 sikuwa na jibu la kumpa mtu kama kaka yako aliposimama mbele ya meza yangu. Walikuja, hata Kilifi. Niliwaambia "pata kitambulisho kwanza" kama vile kinauzwa dukani. Nisamehe.

Binti wa Nahodha

Nimerudi. Imepita wiki mbili.

Nilikwenda kwa naibu chifu na ami yangu, pamoja na mzee mmoja aliyemwosha baba. Mzee huyo alieleza yote, hata rangi ya shuka. Nimepata fomu, namba ya kitambulisho imeandikwa, niliisoma kwa sauti mara mbili kama ulivyoniagiza karani. Ada nimelipa. Cheti bado, nimeambiwa nirudi.

Walitaka kitambulisho chenyewe kirudishwe. Mamangu alikuwa nacho ndani ya sanduku, kimefungwa kwenye kipande cha leso, na alipokitoa alikaa nacho kwanza. Sikujua mpaka siku hiyo kwamba hatuna picha nyingine ya baba akitazama mbele. Zote za harusi yuko pembeni, ama ameinama anakula. Basi kabla ya kwenda kwa naibu chifu tulipita kwa yule kijana wa fotokopi stendi. Aliikuza picha mara nne, kwa rangi, na alipojua ni ya nini hakutaka pesa.

Nikipata cheti nitapeleka nakala afisi ya tume. Nitatuma namba ile kwa 70000 siku watakapofungua tena, nije niwaambie.